Gambuti za Kukatwa Shingo

Wewe unayenisikiliza, hebu niambie ukweli: umeshawahi kumchukia mtu kuanzia miguuni? Siyo sura, siyo maneno yake. Miguu. Yaani unasikia viatu vyake vinakuja kabla mwenyewe hajatokeza, na roho inachafuka kama maji ya mtoni yaliyopitiwa na ng'ombe. Mimi nimeweza. Na sijachoka. Nina jirani hapa Bukiriro, tumetenganishwa na uzio wa minyaa tu, na miaka yote hii namchukia taratibu, kwa raha zangu, kama mtu anavyokunywa chai.

Jina lake silitaji. Yule ukimtaja mara moja anasikia, atakuja kuuliza ulikuwa unasema nini. Wote hapa tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu ni mwenyekiti wa jumuiya yetu, ile ya sala za Jumamosi tunazozungushana nyumba kwa nyumba. Kila uchaguzi ukifika anasimama, anasema jamani nimechoka, chagueni mwingine. Halafu anatukodolea macho, mmoja baada ya mwingine, mpaka tunamchagua tena.

Na nikuambie mapema usije ukamwonea huruma njiani: huyu mama nusura anitoe kwenye mji wangu. Mji huu ninaokaa, wenye kaburi la mume wangu na mbuzi wangu na migomba yangu. Nihamishwe, nipelekwe Nyarubungo kwa mwanangu, nikakae kibarazani kama mtungi wa maji. Na sababu ni kiatu cha kuvaa uani. Kiatu! Sasa tulia nikueleze ni mtu wa namna gani.

Kwanza hakuangalii usoni. Ukienda kwake, kabla hujabisha hodi vizuri, macho yameshashuka. Vijana wakimwamkia, "Shikamoo, Mwenyekiti," yeye anaitikia "Marahaba" akiwa anahesabia vidole vyao makosa. Huyu ana kandambili zimeisha kisigino. Huyu yuko peku. Huyu amevaa viatu vya kanisani kwenda kukata majani ya mbuzi, mama yake yuko wapi? Binti mmoja aliyeolewa juzi juzi hapa juu alikuja kumsalimia na sendo zake nzuri za kung'aa, amekuja kwa heshima kabisa, na zawadi ya ndizi kichwani. Mwenyekiti akapokea ndizi, akasema, "Asante mwanangu. Hivyo viatu na wewe, nani ataosha vyombo?" Yule binti alirudi kwake analia. Mpaka leo akipita njia hii anazunguka kwa nyuma.

Ana misemo. Sijui anaitoa wapi, nadhani anaitunga akiwa chooni. "Kiatu cha uani kinachotaka mikono, mpe mtoto aende nacho shule." Maana yake wewe mwenye mji unatoka na beseni la samadi, mikono imejaa, utainamaje kufunga kamba? Mguu unatakiwa ujivalie wenyewe. Mwingine: "Ukiinama kuvaa, mbuzi ameshamaliza mahindi." Mwingine: "Kidole kikichungulia nje, nje nako kunakichungulia." Anausema huo akiona mtu na kandambili. Ubaya wa misemo yake ni kwamba haitoki kichwani. Naweza kuwa naosha masufuria, sina habari naye, nasikia sauti yake ndani ya kichwa changu mwenyewe inaniambia kidole kinachungulia. Sasa hiyo si uchawi?

Yeye mwenyewe anavaa gambuti zilizokatwa shingo. Mwanae mmoja alikuwa machimboni upande wa Biharamulo, akarudi na gambuti zake zimepasuka kule juu kwenye shingo. Mtu mwingine angezitupa, au angempa mbwa atafune. Yeye alichukua kisu akazikata, zikabaki kama vikombe viwili vyeusi visivyo na mkono wa kushikia. Mguu unatumbukia, mguu unatoka. Haziingizi samadi, hazirushi tope mgongoni, mwiba hauzipenyi. Akimaliza kazi anazimwagia maji yale machafu ya kusuuzia vyombo, basi, safi. Na ndani ya nyumba haziingii hata kidogo. Anazipachika kwenye vijiti viwili alivyochomeka ardhini mlango wa nyuma, soli juu. Ukipita unaona nyayo mbili zinaitazama mbingu, utadhani kuna mtu kazikwa kichwa chini, miguu ikasahauliwa nje.

Hivyo vijiti vina historia yake, na hii naipenda, nikiugua huwa najisimulia mwenyewe napata nafuu. Zamani alikuwa anaziacha chini kama watu. Sasa Jumamosi moja jumuiya ilikuwa kwake. Tumesali rozari, tumeimba, chai iko jikoni inachemka, mara mbuzi wake akalia kule nyuma. Mwenyekiti akatoka mbio, akatumbukiza mguu kwenye gambuti. Chura alikuwamo.

Mawe we! Mama yule anayetuhukumu sote! Alipiga kelele kwa Kisubi chote alichokuja nacho kutoka kwao Nyabusozi, neno la Kiswahili halikubaki hata moja. Alirusha mguu, gambuti ikaruka, ikapita juu ya kuku, ikaenda kutua kwenye sufuria ya chai. Chubwi! Watu wakashika rozari zao upya kana kwamba hatujamaliza. Nani acheke, ni mwenyekiti. Mimi nikacheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini na kitenge changu kipya. Hakusema na mimi msimu mzima. Ulikuwa msimu mzuri sana, hata maharage yalikubali.

Akikuchukia hakutukani, anakuombea. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Tunafika kwenye maombi, kila mtu anatoa lake, na yeye anafumba macho anaanza kwa sauti ya upole kama asali: "Tuwaombee wajane wa jumuiya yetu, hasa wale ambao mbuzi wao hawajui mpaka, Bwana awafundishe kufunga kamba."

Na watu wote, "Twakuomba utusikie."

Na mimi mjane mwenye mbuzi, nikiwa nimekaa hapo hapo, naitikia na wenzangu, "Twakuomba utusikie." Nifanyeje? Ni sala. Siwezi kumkatalia Mungu.

Zamu yangu ikifika na mimi nafumba macho. "Tuwaombee viongozi wetu, Bwana awape macho ya kuona uchafu wa kwao kabla ya ule wa jirani." Na siku niliposema hivyo jumuiya yote ilinguruma, "Twakuomba utusikie!" Hata mumewe. Hasa mumewe.

Lakini usidhani ni mtu mwepesi, kwamba ukimwelewa upande mmoja umemwelewa wote. Mume wangu alipofariki, wa kwanza kuingia kwangu alikuwa yeye. Hakulia hata chozi. Aliingia na sufuria yake kubwa kichwani, akavua zile gambuti mlangoni, akauliza, "Kuni ziko wapi?" Basi akashika jiko langu mpaka matanga yakaisha. Wanaume waliokuja kutafuta pombe ya ndizi kwenye msiba aliwafukuza na mwiko. Ndugu za marehemu walioanza kuuliza maswali kuhusu shamba aliwapa kazi ya kuchota maji. Sikushika kitu. Nilikaa tu kwenye mkeka nikalia kama inavyotakiwa.

Nikasema moyoni, kumbe ni mtu.

Matanga yameisha asubuhi, mchana huo huo kikohozi kikasikika kwenye minyaa. Anakohoa kwanza, ujue unatukanwa. "Mama Domina!" ananiita hivyo, mwanangu wa kwanza anaitwa Domina. "Mama Domina, sufuria yangu imerudi na kovu. Na waliokuja kwenye msiba wako, nusu yao wana funza." Basi, na ule utu ukaishia hapo. Nilifurahi, maana nilikuwa sijui nitaanzaje kumshukuru.

Sasa nikufikishe kwenye mguu.

Mimi nina sukari. Siyo ya kula, ya ugonjwa. Mguu wangu wa kushoto umekufa ganzi, ukikanyaga jiwe hausemi. Mimi sikuwa na habari nao sana, kwangu mguu usiolalamika ni mguu mzuri. Nilikuwa navaa kandambili zangu, zimeisha mpaka ukizishika unaona mwanga wa upande wa pili. Asubuhi moja nimetoka bandani kwa mbuzi, nimeshika chombo cha maziwa, naelekea jikoni naimba. Kikohozi.

"Mama Domina, leo umechinja?"

"Nichinje nini, leo sikukuu?"

"Basi hiyo damu inayokufuata ni ya nani?"

Nikageuka. Weee! Matone kutoka bandani mpaka hapo niliposimama, kama mtu kaja nyuma yangu anamwaga rangi. Msumari wa banda ulikuwa umepita kwenye kandambili na kuingia kwenye nyama, na mimi naimba. Sasa jirani wa kawaida angefanya nini? Angevuka, angesema pole, angeleta kitambaa. Yeye alitoa simu kwenye kanga. Sijamaliza kukaa kwenye kigoda namsikia huko anasema, "Domina mwanangu, hujambo? Njoo umchukue mama yako kabla hajachukuliwa vipande vipande."

Vipande vipande! Mimi!

Domina akaja mbio kutoka Nyarubungo. Shikamoo mama, marahaba, na machozi juu yake. Akanipeleka zahanati, nesi akanisafisha vizuri, akanifunga, akaniambia, "Bibi, mguu huu sasa ni wa kulindwa kwa macho, maana wenyewe hausikii. Usikanyage chini peku hata uani. Na vidole visiwe wazi. Ukipata kidonda kingine na kikachelewa kuonekana, wataukata."

Domina hakutaka kusikia mengine. "Mama, tunaondoka. Mbuzi tutawauza, nyumba tutamwachia mtu. Kwangu utakaa tu kibarazani, wajukuu watakuletea kila kitu."

Nikamwambia, "Kuletewa kila kitu ni kwa maiti."

Tukagombana, tukagombana, mpaka mwanae aliyekuja naye, Skola, mjukuu wangu aliyemaliza shule anasubiri majibu, akasema, "Mama, mimi nitabaki na Bibi." Ndipo Domina akalegea kidogo. Akasema haya: Skola abaki mpaka maharage yavunwe. Maharage yakitoka shambani atakuja mwenyewe, ataukagua mguu. Akikuta kidonda kipya, hata mkwaruzo, napanda gari siku hiyo hiyo.

Yote haya anayasema uani kwangu. Na kwenye minyaa matawi yanatikisika, na hakuna upepo.

Basi ikawa vita ya kutafuta kiatu. Na nikuambie, kitu nilichokuwa nakihitaji nilikijua. Kilikuwa kinaning'inia pale ng'ambo, soli juu, kila siku nakiona. Lakini nivae mtindo wa Mwenyekiti? Nitoke uani asubuhi, anikute nimevaa kama yeye, aseme mbele ya jumuiya, "Tumshukuru Bwana kwa kuwafungua watu akili"? Bora gari la Nyarubungo. Hapana, gari nalo sitaki. Nikasema lazima kipo kiatu kingine duniani.

Tukaanza na yeboyebo. Skola alininunulia gulioni, za plastiki, za kijani, nzuri, zinaziba vidole, mguu unatumbukia bila kuinama. Nikajisifu. Lakini zina matundu juu. Mbuzi akakojoa, mkojo ukaingia wote, mguu ukawa unaogelea. Kikohozi. "Mama Domina, umeanza kufuga samaki?"

Tukajaribu katambuga za tairi. Soli yake hata risasi haipiti. Lakini mikanda inachubua, na mguu wangu ukichubuliwa hauniambii. Skola akaona ngozi imeanza kuwa nyekundu, akazichukua akazificha juu ya dari. Tena vidole viko wazi.

Tukajaribu viatu vya kitambaa, vile laini vya kutumbukiza, mtu alimletea Domina akanipa. Hivyo vilikuwa kama kukanyaga mawingu. Asubuhi umande ukavilowesha, jioni vikanuka, kesho yake kuku akataga ndani ya kimoja. Sikumfukuza. Angalau yeye alivipatia kazi.

Nikarudi kwenye yeboyebo, nikazivalia soksi. Mwenyekiti alitoka kabisa kwake, akasimama pale uzio ulipo na mwanya, akaangalia. Hakukohoa. Akaita mumewe. "Njoo uone." Mzee wa watu akaja, akaniamkia kwa adabu, akaangalia soksi zangu zimejaa samadi mpaka kifundoni, akasema, "Zina joto, eh?" akaondoka. Mwenyekiti alibaki. Anacheka bila sauti yule, mabega tu ndiyo yanacheka. Ningekuwa na mawe mkononi leo ningekuwa nasimulia kutoka mahabusu.

Maharage yakakauka shambani. Tukayang'oa, tukayaanika uani, Skola akaanza kuyapiga. Domina akapiga simu, akasema Jumapili baada ya misa nitakuja. Sasa siku mbili tatu kabla, jioni naosha zile yeboyebo, Skola akazichukua mkononi, akazigeuza. Akanionyesha. Mwiba umeingia kwenye soli, mrefu, ncha yake imesimama ndani, iko kidogo tu pembeni ya pale mguu unapokaa. Ningekanyaga upande siku moja tu, ungeingia wote, na mimi naimba.

Skola akasema, "Bibi, mimi sitamficha mama."

Sikulala vizuri. Si kwa mguu, mguu haunisumbui. Nilikuwa naona kile kibaraza cha Nyarubungo, na mimi juu yake, na watoto wananiletea uji.

Asubuhi nikaingia stoo, nikatoa gambuti za marehemu mume wangu. Zilikuwa zimekaa nyuma ya debe tangu tulipomzika, zina vumbi, na buibui mmoja. Alikuwa na mguu mpana yule mzee, kama jembe. Nikakaa nyuma ya jiko, mahali Mwenyekiti haoni, nikachukua kisu nikaanza na ya kulia. Mpira ni mgumu, usione yule anavyovaa ukadhani ni mkate. Nikakata kisigino chini kabisa, kifuate mtindo wa kandambili, mguu uingie kirahisi. Mbele nikaacha juu. Nikavaa, nikasimama, nikatembea. Gambuti ikabaki pale pale, mguu ukaondoka. Nikarudia. Ikabaki tena. Kama punda.

Kikohozi. Lakini hakikutoka kwenye uzio. Kilitoka nyuma yangu.

Alikuwa amevuka. Mwenyekiti, ambaye tangu msiba wa mume wangu hajawahi kukanyaga uani kwangu isipokuwa zamu ya sala, amesimama pale na vikombe vyake vyeusi miguuni, amejishika kiuno. Skola akainuka kwenye maharage yake. "Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Bibi yako amefanya nini?"

Nikamwambia, "Umekuja kutafuta mbuzi wako au umepotea?"

Aliinama, na yule haonekani akiinama, akaiokota ile gambuti, akaigeuza, akaitazama kama anayetazama mtoto aliyefeli. "Umekata kisigino. Nani anakata kisigino? Kisigino ndicho kinachoshika mguu, unakiacha kirefu. Mbele ndiko unakoshusha, mguu upate mlango. Wewe umejenga nyumba mlango uko juu ya paa."

"Ni gambuti ya mume wangu, nitaikata ninavyotaka."

"Mume wako angekuwepo angelia. Mguu gani haujisikii?"

Skola akasema, "Wa kushoto." Huyu mtoto!

"Una bahati yako ya kipumbavu, ya kushoto hujaiharibu. Lete kisu."

Na mimi sikumpa. Nakuapia sikumpa, alikichukua mwenyewe mkononi mwangu. Akakaa kwenye kigoda changu, akaweka gambuti kati ya miguu, akakata. Alikata polepole, anashusha mbele, anapanda nyuma, bila kuinua kisu, kama mtu anayemenya ndizi ya mgonjwa. Halafu akasugua ukingo kwenye jiwe mpaka ukawa laini, usichubue. Ile ya kulia niliyoiharibu akaitoboa matundu nyuma, akamtuma Skola alete mpira wa tairi la baiskeli, akaupitisha, ukawa unashika kisigino kama mkono. Muda wote huo anasema. Mikono inafanya jambo jema, mdomo unatukana. Kwamba uani kwangu panateleza. Kwamba maharage nimeyaanika karibu na kuku. Kwamba Domina alikuwa mtoto mwenye akili, sijui alizitoa wapi.

Nikamwuliza. Ilibidi nimwulize, lingenikaa kooni. "Wewe si ndiye uliyempigia simu anichukue? Sasa leo unanitengenezea viatu vya kubakia?"

Akaweka kisu chini. Akaniangalia, safari hii usoni, na nikagundua sikuwahi kujua macho yake yana rangi gani.

"Nilipiga simu usife," akasema. "Sikusema uondoke. Ukiondoka hapa atahamia nani? Unamjua? Mimi simjui. Watakuja watu wenye nguruwe. Nilale nanusa nguruwe uzee wote huu? Wewe nimeshakuzoea."

Akasimama, akajipangusa kanga. Nikavaa. Mguu wa kushoto ukaingia, kisigino kikashikwa. Nikatembea mpaka bandani, nikarudi. Nikapita kwenye tope makusudi. Hazikubaki nyuma.

Alikuwa ananisubiri niseme asante, nilimwona. Nikamwambia, "Umemaliza? Njia unaijua."

Naye akasema, "Usizilaze chini. Chura." Akaondoka, mabega yanacheka, na mimi sikucheka mpaka alipovuka uzio.

Jumapili Domina alifika na gari la watu, begi tupu mkononi la kuwekea nguo zangu. Hakunywa hata maji. Akaniketisha, akauweka mguu wangu mapajani pake, akaugeuza, akafungua kila kidole kama mtu anayenunua mbuzi mnadani. Akatafuta, akatafuta. Hakukuta hata mkwaruzo. Akaziangalia gambuti, akaingiza mkono ndani, akapapasa soli. "Nani kafikiria hivi?" Nikaangalia maharage. Skola akaangalia maharage. Domina akapumua, akalikunja lile begi tupu, akalitia kwapani. Akasema basi, Mama, kaa. Lakini alikuwa amekasirika, yule anapenda kushinda, sijui amerithi wapi.

Skola ilibidi aondoke naye, majibu yake ya shule yametoka, anaitwa. Nikawasindikiza mpaka njia panda, nimevaa hizo hizo, sina aibu. Mama yake akatangulia. Skola akabaki nyuma ananishika mkono, nikamwona ana kitu.

Nikamwambia, "Sema."

Akasema, "Bibi, siku mguu ukikataa kabisa, wewe huji kwetu. Mimi ndiye nitahamia huku. Uani nitatoka mimi, mbuzi nitafungua mimi, na wewe utakaa mlangoni unanigombeza."

"Na yule?" nikamwuliza, nikimwonyesha upande wa minyaa kwa mdomo.

"Yule nitamnunia mimi kwa niaba yako, Bibi. Nakuahidi. Hata salamu nitampa nusu."